Kufungwa ni kwetu sote, bao la tatu ni langu

Swali la msomaji

Shikamoo kocha. Mimi ni beki wa kati na nahodha wa timu ya mtaa hapa Mbagala, Dar es Salaam. Tumecheza mechi sita za ligi yetu, tumefungwa tano na kutoka sare moja. Tumeruhusu mabao 16, na 11 kati yake yameingia kipindi cha pili. Jumapili tulikuwa tunaongoza 2-1 hadi dakika ya 70, tukaishia kulala 3-2. Bao lao la pili refa alikataa otea ya wazi kabisa, jamaa alipokea mpira wa kurusha akiwa peke yake nyuma yetu. La tatu nilikuwa nimepanda kwenye kona, tukapigwa shambulizi la kushtukiza, kipa akatoka vibaya. Nilimfokea mbele ya mashabiki. Usiku kwenye grupu la WhatsApp watu wakasema ameuza mechi, mimi sikusema kitu. Asubuhi nikakuta amejitoa. Sasa wazee wa timu wanataka kila mchezaji atoe 5,000 za "kamati ya ufundi". Mazoezini wanakuja saba, nane. Nimeandika ujumbe kwamba nabeba lawama zote na najiuzulu unahodha, ila sijautuma. Niutume? Nikikiri makosa mbele ya wachezaji, hawatanidharau? Na jambo dogo la mwisho: nina kichwa kizuri, sitaki kuacha kupanda kwenye kona.

Jibu

Marahaba, nahodha. Usiutume. Uache hapo hapo kwenye simu, tutaurudia.

Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipoandika wewe ulifanya nini. Nimepata vipande vipande, vimefichwa katikati ya habari za watu wengine. Halafu mwishoni kabisa unakuja na "nabeba lawama zote". Hiyo ni kauli nzito, inapendeza kuisoma, na ukiiandika saa sita usiku ukiwa umejikasirikia mwenyewe unajisikia kama umetua gunia. Lakini aliyebeba yote hana hata moja analoweza kulishika mkononi akaliangalia. Mabao 16 hayawezi kuwa yako peke yako. Mengine ni ya winga asiyerudi kukaba. Mengine ni ya kocha aliyepanga vibaya. Mengine ni ya wapinzani, waliocheza mpira mzuri tu wakastahili kufunga, na hao huwa tunawasahau kabisa, kana kwamba walikuja uwanjani kutusindikiza. Ukijitwika yote, wenzako kumi watalala usingizi mnono na Jumapili watarudi vilevile walivyokuwa.

Kwa hiyo sitaki ubebe lawama zote. Nataka uchukue zako, kwa ukubwa wake halisi, usizidishe wala usipunguze. Ni kazi ngumu kuliko kujiuzulu.

Nianze na refa, maana hapo nina habari mbaya kwako.

Mpira wa kurusha hauna otea. Sheria ya 11 iko wazi: mchezaji anayepokea mpira moja kwa moja kutoka kwenye mpira wa kurusha, kona au goli-kiki hahesabiwi kuwa ameotea, hata kama amesimama anaongea na kipa wenu. Refa wenu wa Jumapili alikuwa sahihi. Naomba ukumbuke ile picha vizuri: mpira umerushwa, jamaa anakimbia nao kuelekea golini, na nyinyi mabeki mmefanya nini? Nina hakika mlikuwa mmesimama mmenyoosha mikono. Nimefundisha mpira wa mitaani zaidi ya miaka ishirini, na mabao ya mikono iliyonyooshwa nimeyaona mengi kuliko ya mashuti ya mbali. Hata ingekuwa otea kweli, mkono haumkabi mtu. Filimbi ikilia, umepoteza mbio za mita kumi. Isipolia, umeokoa bao.

Hilo bao nyinyi mmelipigia kelele siku tatu kwamba mmeonewa. Wewe kama nahodha ndiye unayetarajiwa kumsogelea refa kwa adabu na kumuuliza, na ulienda kubishana kitu usichokijua. Sikulaumu sana, wengi hawakijui, nimewasikia hata wachezaji wa ligi za juu wakilalamika hivyo hivyo. Lakini kitambaa ulichovaa mkononi kinakudai uijue sheria kuliko wale wanaokufuata nyuma. Hilo ni deni lako la kwanza, na linalipwa kwa kukaa jioni moja na refa yeyote wa wilaya mkapitia sheria zote 17. Hawakatai. Mara nyingi hakuna anayewauliza.

Tuje bao la tatu. Umeandika "kipa akatoka vibaya". Mimi sikuwepo, lakini hebu turudishe mkanda nyuma.

Kabla kipa hajatoka, kulikuwa na mtu anamjia na mpira. Kabla ya huyo mtu kumfikia, kulikuwa na nusu nzima ya uwanja isiyo na beki. Kabla ya hapo, kulikuwa na kona yenu, mko sare 2-2, dakika za lala salama, na beki wa kati aliyepanda. Swali ni moja: ulipopanda, nani alishuka mahali pako? Ukipanda wewe na beki mwenzako wa kati mkapanda wote, basi namba mbili na namba tatu, mabeki wa pembeni, wabaki, na namba sita, kiungo mkabaji, akae mbele yao katikati. Watu watatu nyuma dhidi ya washambuliaji wawili waliobakishwa. Hayo ni mahesabu ya darasa la pili. Ninavyoijua mitaa yetu, kona ya mwisho wanapanda tisa, kila mtu anataka kichwa chake kiandikwe kwenye historia ya Mbagala. Na mpira ulipoondolewa, ulirudi unakimbia au ulirudi unatembea umeshika kiuno? Usinijibu mimi.

Kipa aliyeachwa peke yake na mshambuliaji mwenye mpira ana njia mbili tu, zote mbaya. Akibaki kwenye mstari, goli lina upana wa mita 7.32, mshambuliaji atachagua kona anayoitaka. Akitoka, anaweza kuwahi au kuchelewa. Wako alitoka akachelewa. Ninyi mnaliita kosa. Mimi naliona kama bahati nasibu aliyolazimishwa kucheza na nahodha wake.

Hapo ndipo nimekwama zaidi na barua yako. Sijakwama kwenye kona, kona kila mtu anasahau. Nimekwama kwenye lile neno "mimi sikusema kitu".

Kumfokea kipa ni hasira ya uwanjani, damu ilikuwa inachemka, wachezaji wanasameheana mambo hayo kabla ya kufika kwenye maji ya kunawa. Lakini usiku, umeshaoga, umeshakula, umelala kitandani na simu, watu wanaandika kwamba mwenzako ameuza mechi, na wewe unajua bao lile lilianzia wapi. Ukanyamaza. Kwa nini? Nadhani unajua. Maneno yale yalikuwa yanakupa nafuu. Kila aliyeandika "kipa kauza" alikuwa anafuta kidogo picha yako ukirudi kutoka kwenye kona. Nyani haoni kundule, lakini wewe uliliona ukakaa kimya, na hiyo ni mbaya zaidi.

Usidhani nakusema kutoka juu ya mlima. Miaka ya tisini nilifundisha timu moja ya mtaa Morogoro. Tulifungwa mechi ya kuamua kwa mipira miwili ya kona, na pale pale chini ya mwembe, mbele ya wazazi wao, nikamwambia kipa wangu kwamba mikono yake ni ya kushikia ndoo. Watu walicheka, na mimi nilifurahi kwamba wamecheka. Kijana hakurudi mazoezini, wala hakucheza tena mpira timu yoyote niliyoijua. Miaka mingi baadaye nikakutana naye stendi, akanibebea begi, akaniamkia vizuri, kisha akaniuliza, "Kocha, bado unapiga kelele?" Nilivyopanda basi nikaanza kuhesabu. Msimu ule mzima sikuwahi kumpa kipa hata dakika kumi za mazoezi yake peke yake. Sikuwahi kumchagua mtu wa kusimama nguzo ya karibu wakati wa kona. Bao zote mbili zilipita nguzo ya karibu. Ilinichukua miaka kuyajua hayo, na nilikuwa na cheti cha ukocha mfukoni.

Kipa ndiye mtu rahisi kulaumiwa kuliko wote kwa sababu kosa lake ndilo la mwisho kuonekana. Ndugu zetu wa Kongo wanalijua hili kwa machungu. Machi 1974, nchi yao ikiitwa Zaire, walichukua ubingwa wa Afrika kule Misri, kipa wao akiwa Kazadi Mwamba. Miezi mitatu baadaye, Juni 18, mjini Gelsenkirchen kwenye Kombe la Dunia, Yugoslavia waliwafunga mabao matatu ndani ya dakika 18. Kocha, Blagoje Vidinić, ambaye mwenyewe alikuwa Myugoslavia, akamtoa Kazadi akiwa mzima wa afya na kumwingiza Tubilandu Dimbi. Hata robo ya mchezo ilikuwa haijaisha. Hadi mapumziko ilikuwa 6-0, mpaka mwisho 9-0. Baadaye wachezaji wenyewe walieleza kwamba kambi ilikuwa imevurugika kwa sababu ya posho ambazo hawakulipwa, kichwa cha timu hakikuwa uwanjani. Glovu zilibadilisha mikono, mabao yakaendelea kuingia, kwa sababu tatizo halikuwa limevaa glovu.

Basi, cha kwanza kabla ya yote: nenda kwa kipa wako. Usimpigie simu, usimtumie sauti. Nenda nyumbani kwao kwa miguu yako, na uende peke yako. Ukienda na wazee wa timu ataona kesi imemfuata mlangoni. Mwambie mambo matatu tu: kwamba ulimfokea mbele za watu na hukutakiwa, kwamba waliposema ameuza mechi ulinyamaza ukijua si kweli, na kwamba bao lile wewe ndiye uliyemwacha peke yake. Ukimaliza, nyamaza. Usimwambie "lakini na wewe ungebaki golini". Hilo "lakini" likiingia, radhi yote inatoka kwa mlango wa nyuma. Usimwombe siku hiyo hiyo arudi kwenye timu pia, utamfanya aone umekuja kwa ajili ya mechi ya Jumapili na si kwa ajili yake. Akikutukana, pokea. Akikukaribisha chai, kunywa.

Kisha rudi kwenye grupu, maana alichafuliwa huko, na kusafishwa mlangoni kwake peke yake hakutoshi. Andika maneno machache: bao la tatu lilitokea kwa sababu nilipanda na sikuacha mtu nyuma, habari za kuuza mechi nazikataa, mwenye ushahidi ampelekee kocha, asiye nao afute alichoandika. Basi. Usiweke picha za mikono iliyoshikana wala maneno ya hekima ya kufungia. Utaona watu wawili watatu wanafuta ujumbe wao kimya kimya. Mmoja atabisha. Mwache abishe na ukuta.

Sasa hilo swali lako la kudharauliwa.

Inategemea unakiri vipi na lini. Usikiri dakika tano baada ya filimbi ya mwisho, watu bado wanahema, kila neno linageuka kuwa ugomvi. Mimi timu zangu nilizipiga marufuku kujadili mechi siku ya mechi. Mnakunywa maji, mnavua jezi, mnaenda nyumbani. Subiri mazoezi ya kwanza ya wiki. Mwombe kocha dakika mbili kabla hamjaanza kukimbia. Useme kitu kama hiki:

"Bao la tatu Jumapili ni langu. Nilipanda kwenye kona bila kumwambia mtu abaki, na niliporudi nilirudi natembea. Bao la pili pia tulisimama kudai otea ambayo haipo kwenye mpira wa kurusha, mimi nikiwa wa kwanza kunyoosha mkono. Kipa nimeshamwomba radhi. Kuanzia leo sipandi kona yoyote mpaka namba sita aninyooshee mkono kwamba yuko nyuma. Mkiniona nimepanda bila hivyo, niiteni kwa jina."

Unaona tofauti na ule ujumbe wa kwenye simu? Hapa kuna dakika, kuna mahali, kuna kitu kitakachobadilika, na kuna namna ya wengine kukukagua. Mtu akisema hivi anadharauliwa na nani? Watakutania, ndiyo. Kuna mmoja lazima ataanza kukuita "Bao la Tatu". Utani huo una umri wa wiki moja, ukiucheka unakufa haraka zaidi. Anayedharauliwa kweli kwenye timu ni yule ambaye kila mtu anajua alichofanya na yeye peke yake anajifanya hajui.

Halafu usigeuke na kuuliza "na nyinyi je?" Huu ndio mtego unaowanasa manahodha wengi. Anakiri dakika moja, kisha anatumia dakika kumi kuwataka wengine wakiri, na wote wanagundua kwamba kule kukiri kulikuwa chambo. Wewe sema lako ukae. Pengine siku hiyo hakuna atakayefuata. Pengine wiki ya pili winga atasema yeye huwa hamfuati namba mbili wa wapinzani. Hata asiposema, anaweza kuanza kurudi, na hicho ndicho tunachokitaka.

Ukitaka kuwasaidia wasihitaji ujasiri wa kusimama mbele za watu, fungua daftari. Daftari la shule la kawaida. Kila bao mnalofungwa linapata mstari: dakika ya ngapi, mpira ulianzia wapi, ulipotea kwenye miguu ya eneo gani. Majina usiandike. Kisha kila mchezaji, mkiwa mmekaa kwenye nyasi, ajijibie kimoyomoyo: mimi wakati huo nilikuwa wapi? Kipa aliulizwa swali hilo Jumapili na mashabiki wote, sasa ni zamu ya wengine. Rudini nyuma hatua tatu kutoka golini, si moja. Mabao mengi ya timu za mitaani yanaanzia kwenye mpira wa kurusha uliorushwa ovyo au pasi ya kubutua isiyo na anwani, sekunde ishirini kabla nyavu hazijatikisika.

Daftari lenu tayari lina jambo moja la kutisha na nadhani hujaliona, ingawa umeliandika mwenyewe. Mabao 11 kati ya 16 yameingia kipindi cha pili. Hicho si kipa. Sidhani hata ni mbinu. Hiyo ni miguu.

Na hapo nirudi kwenye sentensi yako: "Mazoezini wanakuja saba, nane." Wanakuja. Hukuandika "tunakuja". Je, wewe uko kwenye hao saba? Kama haupo, nahodha, basi kabla ya kona na kabla ya yote, hapo ndipo lawama yako kubwa ilipolala. Najua maisha ya Dar. Unaweza kuwa unaendesha bodaboda hadi saa nne usiku au uko kwenye duka la mtu anayefunga anapotaka yeye. Mpira haukulipi, kodi inakudai. Sikuhukumu kwa kukosa mazoezi, nakwambia kwamba mtu asiyefika mazoezini hawezi kumfokea anayefika, na sijui kipa wako ni wa kundi gani. Nahisi najua.

Watu saba, kwa taarifa yako, ndicho kiwango cha chini ambacho sheria inaruhusu timu kuanza mechi. Nyinyi mnafanya mazoezi kwa kiwango cha dharura.

Lakini wanane wanatosha kuanza nao. Achaneni na kuzunguka uwanja mara kumi, hiyo ni adhabu ya shule. Gaweni wanne kwa wanne kwenye eneo dogo, magoli ya mawe, chezeni dakika nne za kasi kamili, pumzikeni mbili, rudieni mara nne. Hakuna kusimama, mpira ukitoka unaingizwa mwingine. Mara mbili kwa wiki, kwa wiki tano au sita, na mtaanza kuona tofauti dakika ya 75. Siku ya mechi kuleni wali au ugali masaa matatu kabla, msile chapati na soda mapumziko kama nilivyoona timu nyingi zikifanya halafu zinashangaa tumbo kujaa. Jua la saa kumi Mbagala linakausha mtu. Maji yawe pembeni ya uwanja kipindi chote, si ndoo moja inayofika mapumziko. Na kocha atumie wachezaji wa akiba mapema. Kumwingiza mtu dakika ya 85 ni kumpa nafasi ya kupiga picha na jezi.

Kuishiwa pumzi mwishoni si aibu ya watu wa mitaani peke yao. Juni 27, 2019, mjini Cairo, Taifa Stars waliongoza mara mbili dhidi ya Kenya kwenye Mataifa ya Afrika, wakafungwa dakika ya 62 na ya 80, ikaisha 3-2. Matokeo yale yale ya kwenu, wasomaji wa Nairobi wanisamehe kwa kulikumbusha au wafurahi. Mimi mechi ile naikumbuka kwa kitu kingine. Olunga wa Kenya alisawazisha dakika ya 39, na dakika moja baadaye Samatta wa Stars akafunga. Hakuna aliyekuwa amepata muda wa kumtafuta mkosaji, mpira uliwekwa katikati ukachezwa. Nyinyi mlipofungwa bao la pili mlitumia dakika ngapi mkimzunguka refa? Mlikuwa bado sare 2-2. Sare ile mkaiacha pale pale alipokuwa amesimama refa.

Kuhusu "kamati ya ufundi" nitasema kwa ufupi kwa sababu sitaki ugomvi na wazee wako. Wote tunajua hiyo kamati haihusiki na ufundi wa mpira, ni pesa za mganga. Mimi pia nimewahi kuruka uzio wa uwanja badala ya kupita getini, nikiwa kijana, kwa maelekezo ya mtu ambaye hajawahi kucheza hata chandimu. Tulifungwa na suruali ikachanika. Kila mchezaji 5,000, kikosi cha watu 18, hiyo ni 90,000. Waulize wazee kwa heshima kabisa, bila kubishana na imani ya mtu: je, tunaweza mwezi huu tuitumie kununua mpira mmoja mzuri na glovu za kipa, halafu mwezi ujao tuzungumze tena? Usiseme "ushirikina ni upumbavu", utapoteza wazee na pesa vyote. Ila uangalie kitu kimoja: mganga naye ni namna ya kusema si sisi. Refa, kipa, uwanja mbovu, mganga wa wapinzani. Orodha inajitosheleza, na hakuna jina lako ndani yake.

Sasa ule ujumbe wa kujiuzulu.

Kujiuzulu wakati mwingine ni uungwana. Kama kazi yako haikuruhusu kabisa kufika mazoezini mara moja kwa wiki, mwachie kitambaa anayeweza. Kama umempiga mwenzako ngumi, mwachie. Kama kocha hakuamini tena, usisubiri akuvue. Lakini wewe unataka kuondoka kwa sababu ya aibu, na aibu hupoa haraka. Wiki tatu baadaye ungebaki unajiuliza kwa nini ulifanya hivyo, na timu ingekuwa imempoteza kipa na nahodha kwa mechi moja. Tena ungejiuzulu kwenye grupu, usiku, ukisubiri watu waandike "hapana kaka, baki". Naomba unisamehe kama nimekosea, lakini nimeshaandika ujumbe wa aina hiyo na nilikuwa nasubiri hivyo hivyo.

Mwone kocha ana kwa ana. Mwambie ulichokosea na unachobadilisha, kisha useme: ukiona mtu mwingine anafaa kushika kitambaa kwa sasa, nampa leo na nitacheza chini yake bila kinyongo. Muachie uamuzi yeye. Akimpa mwingine, wewe uwe wa kwanza kuja mazoezini wiki hiyo. Akikuachia, ule ujumbe ufute.

Kuna hali moja sijaigusa: kwamba unaweza kufanya yote haya na bado mkafungwa. Inawezekana sana. Kama mko kwenye kundi la timu zenye wachezaji waliopita kwenye akademi na nyinyi ni mafundi magari na madereva, kuna mechi mtafungwa mkiwa mmecheza kwa akili zenu zote. Kwenye daftari bao hilo liandikwe "walitushinda", bila hasira na bila kumtafuta mtu. Mchezaji anayejilaumu kwa bao zuri la mpinzani atachoka mapema, na siku akikosea kweli hatakuwa na nguvu ya kuliona kosa lake.

Na kona. Panda, kichwa kizuri hakiachwi nyuma. Lakini kabla hujavuka mstari wa kati, geuka umtazame namba sita. Kama mkono wake haujanyooka, rudi, hata kama mpira umeshawekwa kwenye pembe na mashabiki wanaimba jina lako.